Samaki wangu hawashibi: niwape chakula kiasi gani, na mara ngapi kwa siku?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina tangi la lita 80, lina miezi mitatu sasa. Ndani kuna danio kumi wenye milia (walikuwa kumi na mmoja), kambare wadogo aina ya koridora wanne, na pleko mmoja ambaye bado mdogo. Nawapa chakula cha vipande vyembamba mara tatu kwa siku, kwa sababu kila nikipita wanajazana kwenye kioo wakiomba. Kopo limeandikwa niwape kadiri wanavyoweza kula ndani ya dakika chache, mara mbili au tatu kwa siku. Sasa maji yamekuwa meupeupe kama yametiwa maziwa, konokono wameongezeka, na juzi danio mmoja amekufa. Mwanangu naye hupenda kuwalisha, wala sijui huwa anawapa kiasi gani. Je, nawazidishia au hawashibi? Na mwezi ujao tunasafiri siku kumi, nifanyeje?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Unawazidishia, na kwa dalili ulizotaja sina haja ya kuliona tangi lako ndipo niseme hivyo. Maji meupe, konokono wanaozaliana kwa kasi na samaki kufa, vikija kwa pamoja, pa kutazama kwanza ni kwenye kopo la chakula. Kwa hiyo leo usiwape kitu. Kesho pia usiwape. Hawatakufa njaa, samaki mzima mwenye afya hukaa siku kadhaa bila kula na usione tofauti yoyote mwilini mwake.

Wakiwa wamefunga, wewe shughulikia maji. Fyonza kwa mpira mabaki yaliyolala kwenye changarawe, hasa nyuma ya mawe na chini ya mimea, ambako mkondo hauyafikii ukayapeleka kwenye chujio. Toa theluthi moja ya maji, uweke mapya yaliyoondolewa klorini na yenye joto linalokaribiana na la yale ya zamani. Kesho rudia. Pampu ya hewa iache ifanye kazi usiku kucha, maana huo weupe ni bakteria waliozaliana kwa mamilioni wakila mabaki, nao wanatumia oksijeni ile ile wanayoitegemea samaki wako. Chujio usilioshe kwa maji ya bomba kwa pupa ya kutaka usafi. Ndani yake wamo bakteria wengine unaowahitaji sana, nitawaeleza baadaye kidogo. Sifongo yake isuuze tu ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini.

Kisha upime amonia na nitriti, sumu mbili za majini zisizoonekana kwa macho. Vyote viwili vinatakiwa visome sifuri. Kilichomuua danio wako siwezi kukithibitisha nikiwa huku, lakini kipimo kimojawapo kikipanda juu ya sifuri, usitafute mchawi mwingine.

Sasa tuje kwenye kiasi. Kwa samaki wazima wa maji ya uvuguvugu, makadirio ninayoyatumia ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa mwili kwa siku, chakula kikiwa kikavu. Danio mzima ana uzito wa kama nusu gramu. Danio kumi basi ni gramu 5, na asilimia 2 ya gramu 5 ni sehemu moja ya kumi ya gramu. Hicho ni chakula cha siku nzima, cha danio wote kumi.

Nakuomba ulione jambo hilo kwa macho yako, mara moja tu. Azima mizani ndogo ya kupimia viungo, pima gramu 1 ya chakula, kimimine kwenye karatasi nyeupe, kisha ukigawe mafungu kumi yanayolingana. Fungu moja ndilo posho ya siku ya danio wako wote, na hilo nalo ulikate mara mbili, la asubuhi na la jioni. Wengi wakiliona fungu hilo hucheka. Wengine hudhani nimekosea kuweka nukta. Sijakosea. Ukishaliona siku moja, vidole vyako vitalizoea na mizani utairudisha kwa mwenyewe.

Kwa nini niwe bahili hivyo? Soma maelezo ya kopo lako: vyakula vingi vya samaki wa tangini vina protini asilimia 40 na ushei. Protini nayo, kwa uzito, ni nitrojeni kwa takriban asilimia 16. Kwa hiyo gramu 1 ya chakula chenye protini asilimia 45 imebeba miligramu 72 za nitrojeni. Ikianguka nyuma ya jiwe isiliwe, ikaoza yote, tangi lako la lita 80 linapata karibu miligramu 0.9 za nitrojeni ya amonia kwa kila lita. Hicho ni kiwango kinachoweza kuwaumiza samaki, na kimetokana na gramu moja tu. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba chenyewe kinajaa sumu.

Wala chakula kilicholiwa hakijapotea. Samaki hujengea mwili sehemu ya protini hiyo, na iliyobaki huirudisha majini, nyingi yake ikiwa amonia inayotokea kwenye matamvua, si kwenye kinyesi kama watu wanavyodhani. Ndiyo maana tangi linaweza kuonekana safi, changarawe haina hata kipande kimoja cha uchafu, na bado maji yakawa mabaya. Macho hayaoni amonia.

Hao bakteria niliosema wanaishi kwenye chujio ndio wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati. Nitriti nayo ni hatari. Nitrati ina unafuu, na unaiondoa kwa kubadilisha robo ya maji kila wiki. Lakini bakteria hao hukua polepole. Katika tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita hivi kufikia idadi ya kutosha, na idadi hiyo hufuata chakula wanachokipata. Tangi lililozoea fungu moja kwa siku lina bakteria wa fungu moja. Mtoto akimwaga mafungu matano siku ya Jumamosi, hakuna bakteria wa akiba waliokuwa wanamsubiri.

Ubaya wa amonia unategemea pia maji yenyewe. Kwenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi, maji yenye pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yake katika umbo lile lenye sumu kali. Kwenye pH 8, sehemu hiyo hufikia kama asilimia 5. Watu wawili wanaweza kuzidisha chakula sawasawa, mmoja asione lolote, mwenzake akawa anaokota mizoga. Kwa hiyo rafiki yako akikuambia yeye huwamwagia tu na samaki wake wanadunda, huenda anasema kweli, na bado ushauri wake haukufai.

Sasa hilo la kuomba, ambalo naona ndilo limekuponza. Samaki wako hawaji kwenye kioo kwa sababu wana njaa. Wamejifunza kwamba kivuli cha mtu mbele ya tangi huleta chakula, na somo hilo samaki hulishika upesi. Ukitaka kuhakikisha, walishe, ondoka, kisha rudi baada ya dakika kumi. Watakuja mbio vile vile. Danio ni samaki wa vijito, mabwawa madogo na mashamba ya mpunga ya Asia ya Kusini. Huko anaokota wadudu na viumbe wadogo wa majini siku nzima, kidogo hapa, kidogo pale, na hana hakika ya tonge linalofuata. Samaki wa namna hiyo hakujaliwa uwezo wa kukataa chakula. Hata mwili wake umeumbwa hivyo: danio hana mfuko wa tumbo kabisa. Kinachomezwa kinaingia moja kwa moja kwenye utumbo. Hana ghala, ana njia tu. Ukimlisha kingi kwa mkupuo, kilichotangulia kinasukumwa na kinachofuata, kinatoka hakijameng'enywa sawasawa, na hicho kinachotoka kinawanenepesha bakteria na konokono. Kwa hiyo posho ile ile ukiigawa mara mbili inamfaa kuliko kumpa yote mara moja. Ukiweza mara tatu, sawa, mradi fungu la siku lisiongezeke. Hapo ndipo watu huteleza: huongeza idadi ya milo na kila mlo hubaki mkubwa kama zamani.

Na maelezo ya kopo? Aliyeyaandika hajui una samaki wangapi, wakubwa kiasi gani, wala chujio lako lina nguvu gani. Sisemi ana nia mbaya, ingawa kopo likiisha mapema si yeye anayepata hasara. Kanuni ya dakika chache ina kasoro moja: danio kumi wenye uchu wanaweza kumaliza ndani ya dakika mbili chakula ambacho kingewatosha zaidi ya siku moja. Mimi hutumia nusu dakika, na hutia kwa awamu. Tia nusu ya fungu la asubuhi, ngoja liishe, tia lililobaki. Vipande vikianza kupita katikati yao bila kudakwa, simama hapo hapo hata kama fungu halijaisha.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza, nami naona ni zito kuliko uliyoyauliza. Inawezekana kabisa kwamba katika tangi hilo hilo danio wanavimbiwa huku samaki wa chini wana njaa.

Koridora na pleko huuzwa kwa jina la "wasafishaji", na mnunuzi huambiwa watajilia masalio. Sikubaliani na usemi huo hata kidogo. Koridora wanne wakishakua wana uzito kuliko danio wako wote kumi wakijumlishwa, na wana haki ya chakula chao wenyewe. Masalio ya vipande vyembamba yanapofika chini huwa yamekwishalowa na vitamini nyingi zimeyeyukia majini. Tena, ukisema umwage kingi juu ili kidogo kifike chini, umerudi kule kule kwenye maji meupe.

Wanunulie vidonge vinavyozama. Subiri taa ya tangi izimwe na chumba kiwe na giza kiasi, danio watulie, ndipo udondoshe. Koridora hahitaji mwanga. Anapapasa chakula kwa sharubu zake. Kidonge kimoja kidogo kwa usiku kinatosha kuanzia, kikivunjwa vipande viwili na kutupwa pembe mbili tofauti ili mbabe mmoja asikikalie peke yake. Asubuhi chungulia. Kikikutwa chote, usiku unaofuata toa nusu. Kisipokutwa na matumbo yao bado yamebonyea, ongeza nusu. Mabaki yasiachwe yaozee pale chini, maana sharubu hizo huchakaa na kuoza zinapokaa kwenye uchafu, na koridora asiye na sharubu hupata tabu kutafuta chakula.

Utawaona pia koridora wakichomoka ghafla hadi juu na kurudi chini kama wamefukuzwa. Hawaombi chakula. Wanameza hewa, na sehemu ya nyuma ya utumbo wao hufyonza oksijeni iliyomo. Mara mojamoja ni kawaida yao. Wakifanya hivyo mfululizo, oksijeni imepungua majini, na hapo chakula ndicho kitu cha mwisho wanachohitaji, kwa sababu kumeng'enya chakula nako kunamfanya samaki atumie oksijeni zaidi.

Pleko ni jina linalobeba samaki wa aina nyingi mno, kwa hiyo mtazame vizuri. Kama ni yule mwenye pezi kubwa la mgongoni lililosimama kama tanga, huyo huvuka sentimita 30 na tangi la lita 80 halitamfaa, ulishe utakavyolisha. Kama ni ansistra, anayeishia kama sentimita 12 na dume lake huota vijinyama puani, mnaweza kukaa naye. Huyo anataka mboga. Kata kipande cha tango, kichovye kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, kipoe, kichome uma ili kizame, ukiweke jioni. Kitoe asubuhi, kimeliwa au hakijaliwa. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha, na siku nyingine atashiriki vidonge vya koridora na kukwangua mwani kwenye vioo. Usitegemee mwani peke yake. Tangi la ukubwa wako haliotishi mwani wa kumshibisha pleko hata mmoja.

Utajuaje kwamba kiasi hicho kinatosha? Tazama matumbo, tena kabla ya mlo wa asubuhi, mara moja kwa wiki. Danio aliyelishwa sawasawa ana mstari wa tumbo ulio mnyoofu au uliobinuka kidogo tu. Tumbo likiingia ndani nyuma ya kichwa, mgongo ukachongoka, kichwa kikaonekana kikubwa kuliko mwili, anapungukiwa. Koridora mtazame anapotulia kwenye kioo: upande wa chini uwe bapa au umejaa kidogo, usiwe umebonyea. Majike wa danio wenye mayai huwa wa mviringo hata wakila kidogo, kwa hiyo usiwapunguzie wote kwa ajili yao.

Hapa nikuonye kuhusu mambo mawili yanayofanana na shibe na njaa lakini sivyo. Samaki anayekula vizuri huku akikonda peke yake, wenzake wakiwa sawa, pengine ana minyoo au ugonjwa wa ndani, na kumwongezea chakula ni kuwalisha wenzake. Na samaki aliyevimba hadi magamba yamesimama kama koni ya msonobari hajashiba. Ni mgonjwa, figo zake mara nyingi zimeshindwa kazi, na kufunga peke yake hakutamponya.

Kama danio wako bado wanakua, wape zaidi kidogo, tuseme asilimia 3, kwa milo mitatu. Maji yakipoa, punguza. Samaki hana joto lake mwenyewe. Joto la maji likishuka kwa nyuzi 10, kazi za mwili wake hupungua hadi karibu nusu, na chakula hukaa utumboni muda mrefu zaidi. Siku moja kwa wiki usiwape kabisa. Siku hiyo haina muujiza wowote. Nimeipenda kwa sababu inafuta makosa madogo ya wiki na inamlazimisha pleko kufanya kazi ya kukwangua.

Konokono usiwapige vita. Wameongezeka kwa sababu chakula kiliongezeka, nao wamekuwa wakila masalio yako. Punguza chakula na baada ya wiki kadhaa watapungua wenyewe. Dawa ya kuwaua wote kwa siku moja itakuachia mizoga mingi changaraweni, na mizoga hiyo nayo ni protini.

Mwanao usimnyang'anye kazi hiyo, kwani ndiyo inayomfanya awapende. Tafuta kile kijisanduku cha kupangia vidonge vya wagonjwa chenye vyumba saba, au cha kumi na nne kama utakipata. Kila Jumapili jaza wewe mwenyewe mafungu ya wiki nzima, ile siku ya kufunga chumba chake kikae kitupu, na kopo lirudi kabatini. Mtoto afungue chumba cha siku na kumwaga kilichomo. Chumba kikiwa kitupu, samaki wamekula, na hakuna mtu mwingine nyumbani atakayewalisha mara ya pili kwa kutojua. Hivyo hutakuwa na haja ya kumkaripia mtu.

Kuhusu chakula chenyewe nitasema machache. Nunua kopo dogo utakalolimaliza ndani ya miezi michache, kwa sababu vitamini, hasa C, hupotea upesi kopo likishafunguliwa. Usiliweke juu ya kifuniko cha tangi, mahali penye joto na mvuke, wala usichote kwa vidole vilivyolowa. Mara mbili kwa wiki wape kitu tofauti, kama vile mabuu mekundu au dafnia (vijidudu vya majini) waliogandishwa, wayeyushwe kwanza na kusuuzwa. Mlo huo uwe badala ya ule mkavu, usiwe nyongeza. Wasikudanganye kwa wingi wao machoni. Sehemu kubwa ya miili yao ni maji matupu. Mkate na makombo ya mezani, hapana.

Kwa kuwa maswali kama lako huletwa na wenye samaki wa aina nyingine, nao niwaguse kidogo. Samaki wa dhahabu naye hana mfuko wa tumbo, na hula kupita danio kwa ulafi; mpe milo midogo miwili yenye mboga ndani yake, na wale wa umbo la duara wape punje zinazozama badala ya zinazoelea. Akianza kuelea kichwa chini baada ya kula, mfungishe siku moja au mbili kabla ya kuwaza dawa. Wa bwawa la nje, maji yakiwa chini ya nyuzi 10 usiwape kitu kabisa. Beta ana mfuko wa tumbo, ila ni mdogo: punje tatu au nne ndogo kwa mlo, mara moja au mbili kwa siku. Oska mzima na samaki wengine wakubwa walao nyama wanaridhika na mlo mmoja kwa siku, na kuruka siku hakuwadhuru. Diskasi huishi kwenye maji ya nyuzi 28 hadi 30, mwili wake unachoma haraka, kwa hiyo hutaka milo zaidi na maji yabadilishwe zaidi. Kumfuga hakuna nafuu ya kazi.

Mbuna wa Ziwa Nyasa na jamaa zao Trofea wa Ziwa Tanganyika ni habari nyingine. Hawa wameumbwa kukwangua mwani miambani tangu asubuhi hadi jioni, na Trofea ana utumbo mrefu ajabu ukilinganisha na mwili wake, kama wala majani wengi walivyo. Ukiwapa mabuu na nyama kwa sababu wanavipapia, huchokoza ule ugonjwa wa kuvimba tumbo ambao wafugaji wa siklidi, yaani ukoo wa samaki hawa, wanauogopa sana, na samaki akishaacha kula kwa ugonjwa huo kumrudisha ni kazi. Wape chakula chenye mwani mwingi, milo midogo midogo.

Vifaranga ndio pekee ambao ubahili wangu hauwahusu. Kifaranga hana akiba mwilini. Siku mbili bila chakula zinaweza kumuua. Hao hulishwa mara tatu hadi tano kwa siku, chakula bora kikiwa artemia (vijikamba vya maji ya chumvi) walioanguliwa, ambao hutoka ndani ya siku moja hivi kwenye maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 28. Matumbo yao huonekana ya rangi ya chungwa wakishashiba, jambo linalorahisisha sana kuwafuatilia. Malipo yake ni kubadilisha maji kidogo kila siku, hakuna njia ya mkato.

Nimalizie na safari yenu. Ingekuwa wiki moja ningekuambia ufunge mlango uondoke, samaki wazima wavumilie. Kwa siku kumi pia wangeweza kuvumilia, lakini kwa kuwa danio ni wadogo, afadhali mtu awape mara tatu: siku ya tatu, ya sita na ya tisa. Funga mafungu matatu kwenye karatasi, andika tarehe juu yake, ndani ya kila moja weka posho ya siku moja ya danio na kidonge kimoja kinachozama. Kopo lenyewe lifiche. Nasema kweli, lifiche, maana jirani mwema akiona samaki wamejazana kwenye kioo atawahurumia, na huruma hiyo ndiyo itakayokukaribisha kwa maji meupe. Mwambie akisahau siku moja asilipize kesho yake kwa mafungu mawili.

Vile vipande vigumu vinavyotiwa majini viyeyuke polepole wakati mwenye samaki hayupo, mimi sivipendi; vikiyeyuka haraka kuliko samaki wanavyokula vinachafua maji, na hakuna mtu wa kuyabadilisha. Mashine ya kulishia inayojiendesha ni nzuri kwa sharti moja, uijaribu wiki nzima ukiwa nyumbani. Mvuke wa tangi hugandisha chakula mlangoni mwake, na zipo zinazotoa mara mbili ya kipimo ulichokiweka.

Siku mbili kabla ya kuondoka badilisha robo ya maji. Usiwashindilie chakula kwa kuwaaga, wala usisafishe chujio siku hiyo. Taa iunganishe na kipima muda iwake kwa muda wa saa nane tu kwa siku, la sivyo utakuta vioo vimekuwa kijani. Mkirudi, pima amonia na nitriti kwanza. Vikisoma sifuri, wape fungu la kawaida jioni hiyo. Kikisoma zaidi, badilisha maji na chakula kisubiri kesho.